Hati ya Nyumba Isilale Juu ya Meza ya Chakula



Somo letu la uraia wiki hii linahusu jambo ambalo kwa mtazamo wa kwanza laonekana kuwa la mabenki na wanasheria peke yao, kumbe linagusa mlango wa kila familia yenye nyumba, au yenye ndoto ya kuwa nayo. Swali lenyewe ni hili: maradhi yanapoenea na watu wakatakiwa kupunguza mikusanyiko, je, mtaalamu anayeshughulikia mikopo ya nyumba aruhusiwe kuifanya kazi hiyo akiwa nyumbani kwake? Na akiruhusiwa, ni nani atakayehakikisha kwamba siri za mkopaji, hati yake ya ardhi na saini yake viko salama?

Msimamo wangu nautanguliza ili msomaji ajue anasafiri kuelekea wapi. Naamini ruhusa hiyo yapasa kutolewa, lakini iandikwe mapema, wakati wa afya, tena kwa masharti machache ambayo mkopaji wa kawaida anaweza kuyaelewa na kuyadai. Kanuni inayoandikwa katikati ya hofu humlinda kwanza mwenye ofisi. Mwenye nyumba hukumbukwa baadaye, pengine akiwa amekwisha kupata hasara.

Rehani na amana

Tuanze na maneno, maana raia asiyeyajua maneno ya mkataba huutia saini gizani. *Rehani* ni neno tulilolipokea kutoka Kiarabu, nalo lina maana ya mali inayowekwa kuwa dhamana ya deni. Anayeiweka nyumba yake rehani haihami. Hulala humo, hupika humo, hulea watoto humo. Lakini amekwisha kumpa mkopeshaji haki ya kuiuza kwa njia ya sheria iwapo deni halitalipwa. *Amana* ni jambo jingine. Amana ni kitu ambacho mtu humkabidhi mwenziwe akitunze, bila kumpa haki ya kukitumia kwa faida yake.

Mkopaji anapokwenda kuomba mkopo wa nyumba huacha vitu vyote viwili kwa pamoja. Nyumba ni rehani. Lakini namba ya kitambulisho chake, karatasi za mshahara, cheti cha ndoa, orodha ya madeni mengine, pengine hata habari za ugonjwa uliomfanya achelewe kulipa, vyote hivyo ni amana. Benki hushika rehani, na mfanyakazi wa benki hushika amana. Sheria za nchi nyingi huieleza rehani kwa kurasa nyingi, na amana kwa mistari michache tu. Ofisi zinapofungwa kwa sababu ya maradhi, udhaifu wa mistari hiyo michache ndio hujitokeza.

Nyumba ya Musaga

Huku Musaga, kusini mwa jiji la Bujumbura, ambako barabara ya kitaifa namba 7 huanza kupanda kuelekea milima ya Ijenda, nyumba haijengwi kwa siku moja. Mtu hupata kiwanja, au *parsele* kama wengi wetu tunavyosema, kisha huweka msingi, husubiri, hununua matofali, husubiri tena, hununua mabati. Wenye uwezo hujenga vyumba vya uani ili kodi ya wapangaji isaidie ada za shule. Kwa familia nyingi nyumba hiyo ndiyo mali pekee yenye thamani, ndiyo pensheni ya wazee na urithi wa watoto. Kuiweka rehani ni kuyaweka yote hayo mezani kwa mtu mwingine.

Tukumbuke pia kwamba Musaga ni mahali ambapo watu wanajuana. Katika jiji kubwa la ugenini, habari kwamba fulani amechelewa kulipa deni kwa miezi mitatu huenda zisiwe na maana kwa jirani. Hapa kwetu habari hiyo yaweza kuvunja posa, kumharibia mfanyabiashara mkopo wa bidhaa dukani, au kuamsha ugomvi wa ndugu juu ya urithi. Katiba ya Burundi ya mwaka 2018 inatambua haki ya kila mtu ya kuheshimiwa maisha yake ya faragha, familia yake, makazi yake na mawasiliano yake. Maneno hayo ni mazuri, lakini huwa na uzito pale tu yanapofika kwenye droo ambamo faili la mkopaji limehifadhiwa.

Sasa tumfikirie ofisa wa mikopo mwenyewe. Yeye naye ni mkazi wa mtaa kama sisi. Pengine amepanga vyumba viwili, ana watoto watatu na mdogo wake aliyekuja mjini kusoma. Akiambiwa ghafla abebe kazi nyumbani, faili litakaa wapi? Juu ya meza ileile wanayolia chakula. Simu ya kumhoji mkopaji itapigwa wapi? Katika chumba ambamo kila mtu anasikia. Simlaumu ofisa huyo hata kidogo. Naitaka kanuni ambayo haitamwachia yeye peke yake mzigo ambao taasisi nzima ilikuwa ikiubeba kwa kuta, makabati na walinzi.

Somo kutoka Marekani

Nchi ambako jambo hili lilijitokeza waziwazi ni Marekani, na inafaa kuutazama mfano wake kwa makini. Baada ya mgogoro mkubwa wa mikopo ya nyumba, Bunge la nchi hiyo lilipitisha mwaka 2008 sheria iliyojulikana kwa kifupi kama SAFE. Tangu hapo, mtaalamu anayeandaa mikopo ya rehani nje ya mabenki hana budi kuwa na leseni ya jimbo. Husoma saa zisizopungua 20 kabla ya kuipata, hufanya mtihani, hutoa alama za vidole ili historia yake ichunguzwe, na kila mwaka hurudi darasani kwa saa zisizopungua 8. Sababu ya ukali huo yafahamika: watu wengi walikuwa wameuziwa mikopo wasiyoielewa, na wakapoteza nyumba zao.

Lakini leseni hizo zilifungamanishwa na mahali. Katika majimbo mengi kazi ya mkopo ilitakiwa kufanyika katika ofisi au tawi lenye leseni yake. Mantiki yake haikuwa mbaya: mkaguzi apate pa kuingia, ayaone mafaili, na mteja ajue mlango wa kubisha akiwa na malalamiko. Ilipofika Machi 2020, mantiki hiyo iligongana na amri za kuwataka watu wabaki majumbani. Mtaalamu mwenye leseni alijikuta kati ya mambo mawili: akienda ofisini anavunja amri ya afya, akifanya kazi nyumbani anavunja sheria ya leseni.

Wala haukuwa wakati wa kazi kupungua. Sheria ya msaada iliyotiwa saini tarehe 27 Machi 2020 iliwapa wakopaji wenye mikopo inayoungwa mkono na serikali kuu haki ya kuomba kusitisha malipo kwa hadi siku 180, na kuongezewa siku 180 nyingine. Mwezi Julai mwaka huohuo, riba ya wastani ya mkopo wa miaka 30 ilishuka chini ya asilimia 3 kwa mara ya kwanza, na watu wengi wakataka kubadilisha mikopo yao. Yaani mkopaji aliyepoteza kazi alihitaji mtu wa kupokea simu, na mkopaji aliyetaka nafuu ya riba alihitaji mtu wa kumwandalia makaratasi. Haki isiyo na mtu wa kuitekeleza ni maandishi matupu.

Wadhibiti wa majimbo mbalimbali walitoa miongozo ya muda. Waliruhusu kazi kufanyika nyumbani hata kama nyumba hiyo si tawi lenye leseni, kwa masharti yaliyofanana: wateja wasipokewe nyumbani kwa mtaalamu, kumbukumbu za karatasi zisihifadhiwe huko, mawasiliano ya kompyuta yalindwe, na kampuni iendelee kumsimamia mtu wake. Miongozo hiyo ilirefushwa mara kwa mara, na baadaye majimbo kadhaa yalibadilisha sheria zao ili ruhusa hiyo iwe ya kudumu.

Naona mambo mawili hapo. La kwanza ni kwamba masharti yale hayakuhitaji akili ya ajabu. Yangeweza kuandikwa miaka kumi kabla. La pili ni kwamba kwa kuwa hayakuandikwa, kila jimbo lilikimbia njia yake, na mtu mwenye leseni za majimbo matano alilazimika kusoma miongozo mitano. Wahenga walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Ukuta ulijengwa usiku, mvua ikinyesha.

Somo kutoka Kenya

Turudi Afrika Mashariki. Kenya ilitangaza mgonjwa wake wa kwanza wa virusi vya korona tarehe 13 Machi 2020. Siku mbili baadaye Rais Uhuru Kenyatta aliwataka waajiri wa serikali na wa sekta binafsi wawaruhusu wafanyakazi wao kufanyia kazi nyumbani inapowezekana. Tarehe 18 Machi Benki Kuu ya Kenya ilitangaza kwamba wakopaji walioathiriwa na janga wangeweza kuomba mikopo yao irefushwe kwa hadi mwaka mmoja, mradi mikopo hiyo ilikuwa ikilipwa vizuri kufikia tarehe 2 Machi. Siku hiyohiyo ya tarehe 18 Rais alitia saini sheria ya marekebisho ya sheria za biashara, ambayo miongoni mwa mambo mengine ilizipa saini za kielektroniki nafasi katika mikataba na katika nyaraka za ardhi.

Sheria hiyo haikutungwa kwa ajili ya korona. Ilikuwa imeanza safari yake bungeni kabla ya hapo, kwa lengo la kurahisisha biashara. Lakini ilifika wakati ilipohitajika. Hata hivyo, masjala za ardhi bado zilikuwa za karatasi kwa kiasi kikubwa, na mwezi huo wa Machi zilifungiwa umma. Jukwaa la ardhi la mtandaoni liitwalo Ardhisasa lilizinduliwa Aprili 2021, zaidi ya mwaka mmoja baadaye. Kwa muda huo wote, saini ya kielektroniki ilikuwa kama ufunguo mpya wa mlango wa zamani. Funzo lake ni kwamba mnyororo wa rehani una pete nyingi: ofisa wa mikopo, mthamini, wakili au noteri, msajili wa ardhi. Kumruhusu mmoja afanye kazi nyumbani huku mwingine amefunga dirisha ni kumkwamisha mkopaji katikati ya njia.

Na sisi Burundi?

Hapa kwetu wagonjwa wawili wa kwanza wa korona walitangazwa tarehe 31 Machi 2020. Uwanja wa ndege wa Bujumbura ulikuwa umekwisha kufungwa kwa safari za abiria, na haukufunguliwa tena hadi Novemba 8 mwaka huo. Ila nchi haikufungwa ndani: masoko, shule na ibada viliendelea, na uchaguzi ulifanyika tarehe 20 Mei. Mwishoni mwa Juni Rais mpya, Évariste Ndayishimiye, aliutaja ugonjwa huo kuwa adui mkubwa wa taifa, na kampeni ya kupima watu na kunawa mikono ikaanza. Kwa kuwa hatukufungiwa majumbani, swali la kazi ya mbali halikutulazimisha kulijibu. Wengine hudhani kwamba kwa hiyo halituhusu.

Nadhani hilo ni kosa. Tarehe 25 Julai 2024 Burundi ilithibitisha wagonjwa wa kwanza wa mpox, na tarehe 14 Agosti mwaka huo Shirika la Afya Duniani likatangaza dharura ya kimataifa. Dharura ya korona ilikuwa imeondolewa Mei 2023. Mwaka mmoja na miezi mitatu tu ulipita kabla ya nyingine kutangazwa. Hatujui maradhi yajayo yatakuwa na tabia gani, wala serikali ijayo italazimika kuchukua hatua zipi. Tunajua tu kwamba yatakuja.

Tofauti kati yetu na Marekani lazima tuikiri. Kwetu leseni ya kukopesha hupewa taasisi na Benki ya Jamhuri ya Burundi, BRB. Ofisa mmojammoja wa mikopo hana leseni yake binafsi. Rehani huandikwa mbele ya noteri na kusajiliwa kwa mhifadhi wa hati za ardhi. Tena wananchi wengi hawana hati rasmi. Kodi ya ardhi ya mwaka 2011, yaani sheria kuu ya ardhi, iliziruhusu komuni kutoa vyeti vya ardhi ili kupunguza pengo hilo, lakini kazi ingali kubwa. Tofauti hizo hubadilisha anwani ya kanuni ninayoiomba. Haziondoi haja yake.

Kanuni ninazozipendekeza

Kwanza, kibali kimfuate mtu na taasisi yake, kisifungwe na ukuta. Lakini taasisi ibaki na dhima yote. Msimamizi, yaani BRB kwa upande wa mabenki, awe na orodha ya wanaofanya kazi nje ya ofisi. Mkopaji aweze kupiga namba ya benki inayojulikana na kuuliza: je, huyu aliyenipigia ni mtu wenu? Wakati wa dharura matapeli huongezeka, na sauti ya upole kwenye simu si kitambulisho. Wala hapana ofisa wa kweli atakayemwomba mteja namba yake ya siri.

Pili, hati halisi zisitoke ofisini. Hati ya ardhi, mkataba uliotiwa saini na vyeti vya familia vikae ndani ya sefu. Anayefanya kazi nyumbani aone nakala katika kompyuta ya taasisi, kwa njia ya mawasiliano iliyofichwa kwa msimbo, bila kuchapisha karatasi na bila kupiga picha za vitambulisho kwa simu yake binafsi. Kila anayefungua faili aache alama ya jina na saa. Mali bila daftari hupotea bila habari, na siri ni mali pia.

Tatu, mkopaji asiitwe nyumbani kwa ofisa. Sharti hili lina faida tatu: linazuia maambukizo, linaziba njia ya rushwa, na linawalinda wote wawili dhidi ya shutuma za uongo. Ikilazimu kuonana, waonane ofisini kwa miadi, au mahali pa wazi panapojulikana na taasisi.

Nne, hapana saini bila lugha. Mikataba ya mabenki yetu kwa kawaida huandikwa kwa Kifaransa, na wakopaji wengi huzungumza Kirundi, au Kiswahili kama jirani zetu wa Buyenzi. Ofisini, mkopaji asiyeelewa humgeukia mtu aliye kando yake akauliza. Mbele ya skrini hana wa kumgeukia. Kwa hiyo kabla ya kutia saini kwa njia ya mbali, mkataba usomwe na uelezwe kwa lugha anayoifahamu, hasa kiasi cha deni, riba, tarehe za malipo na kitakachotokea akishindwa. Kisha apewe siku za kutafakari. Marekani, anayebadilisha mkopo juu ya nyumba anayoishi kwa kawaida hupewa siku tatu za kazi za kughairi. Sioni kwa nini mkazi wa Musaga, anayetia saini wakati wa hofu, apewe chini ya hapo.

Tano, dirisha moja libaki wazi. Si kila mtu ana simu ya kisasa, na si kila siku umeme wa REGIDESO upo. Kazi ya mbali isigeuke kuwa njia ya kuwafungia mlango wasio na intaneti. Na pale ofisi inapofungwa kwa amri, muda wa malipo, wa rufaa na wa kuondoa rehani usimamishwe. Aliyemaliza deni lake ana haki ya kurudishiwa hati yake huru. Asiambiwe asubiri maradhi yaishe huku riba au adhabu ikiongezeka.

Sita, gharama ni za mwajiri. Ofisa asilipie intaneti, umeme wala ulinzi wa kompyuta kutoka mfukoni mwake. Anayelazimishwa kununua data mwenyewe atatumia njia ya bei nafuu, na njia ya bei nafuu mara nyingi ndiyo isiyo salama.

Saba, ruhusa iwe na mwanzo na mwisho. Ianze dharura inapotangazwa rasmi na ikome kwa tarehe iliyoandikwa. Kilichoonekana kuwa chema kiingizwe katika sheria kwa njia ya kawaida, kwa mjadala, si kwa kurefushwa kimyakimya.

Pingamizi na majibu

Wapo watakaosema kwamba hii ni anasa. Nchi ambayo wananchi wengi hujenga kwa akiba ya mkononi, bila mkopo wa benki, ina haja gani ya kanuni za kazi ya mbali kwa watunza rehani? Nawaheshimu wenye hoja hii, maana wanaona uhalisi wa mtaa. Lakini sekta ikiwa bado ndogo ndipo kanuni huwa rahisi kuiandika. Marekani ilingoja hadi mamilioni ya nyumba yakawa ndani ya mfumo. Tena, mkopo unapokuwa nadra, familia chache zilizoupata zimejitahidi zaidi, na kuzipoteza nyumba zao ni msiba mkubwa zaidi.

Wengine watasema kwamba usalama wa kweli ni kukataza kabisa: kazi ya rehani ifanyike ofisini, na ofisi zikifungwa, basi kazi isimame. Hoja hii inasikika kuwa ya tahadhari, lakini inamsahau mkopaji. Deni halisimami kwa sababu ofisi imefungwa. Mama anayeuza nguo sokoni, ambaye soko lake limepungua wateja, anahitaji mtu wa kuzungumza naye kuhusu kuahirisha malipo ya mwezi huu, si mwezi wa nne baada ya tangazo la mnada. Kukataza kazi ya mbali bila kusimamisha deni ni kumlinda mkopaji dhidi ya wizi wa siri na kumwacha akipoteza nyumba yenyewe.

Pingamizi la tatu lina uzito zaidi, nami silitupi. Linasema kwamba kanuni huandikwa vizuri na kusimamiwa vibaya. Kwamba mkaguzi ambaye hakufika ofisini hatafika nyumbani. Ni kweli kwamba karatasi haina mikono. Ndiyo maana nimependekeza masharti ambayo mkopaji mwenyewe anaweza kuyakagua. Kujua kama mkataba ulisomwa kwa Kirundi hakuhitaji mkaguzi. Kujua kama umeitwa nyumbani kwa ofisa hakuhitaji kompyuta. Raia anayeijua kanuni ndiye mkaguzi wa kwanza, na hapo ndipo kazi yetu ya walimu inapoanza.

Kwa hiyo, wanafunzi wangu, nawaomba mlitazame suala hili kama raia. Ukimwona mzazi wako akiweka kidole gumba kwenye karatasi asiyoisoma, umwulize kwa heshima: Baba, Mama, wamekueleza kwa lugha gani? Na mtakapokuwa nyinyi ndio maofisa, manoteri na wabunge, kumbukeni kwamba faili mlilolibeba chini ya kwapa ni paa la watu. Mlinde amana kama mnavyolinda rehani.

Msamiati wa somo

*Rehani*: mali inayowekwa kuwa dhamana ya deni.
*Amana*: kitu au siri anayokabidhiwa mtu aitunze.
*Noteri*: ofisa wa sheria anayethibitisha mikataba na saini.
*Dhima*: wajibu ambao mtu au taasisi hawezi kuukwepa.
*Kughairi*: kubadili nia na kuacha jambo ulilokubali.
*Mnada*: uuzaji wa mali hadharani kwa anayetoa bei kubwa.

Maswali ya kujadili

1. Eleza kwa maneno yako tofauti kati ya rehani na amana, kisha utoe mfano wa kila moja kutoka mtaani kwenu.
2. Kati ya kanuni saba zilizopendekezwa, ni ipi ambayo mkopaji anaweza kuisimamia mwenyewe bila msaada wa mkaguzi? Toa sababu.
3. Je, wakubaliana na mwandishi kwamba kukataza kabisa kazi ya mbali humdhuru mkopaji? Andika aya mbili za kumpinga au kumuunga mkono.